Mjadala: Kijana wa miaka 18 aende misheni ya Wamormoni ng'ambo, au chuo kwanza?

MJOMBA WA UTAWALA (mleta mada)

Wadau, hamjambo. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, kapata alama nzuri, na chuo kikuu kimemwita akasomee uhandisi. Kanisa lake nalo limemwita akahubiri kama mmisionari: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa ambao mtaani bado tunawaita Wamormoni ingawa viongozi wao tangu 2018 wanatusihi tuliache jina hilo. Wito umetoka makao yao makuu, Salt Lake City, jimbo la Utah huko Marekani, na unasema Ghana, miezi 24. Hakuomba Ghana. Hawachagui. Dada yangu alipousoma alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Mimi ni Mkatoliki, tena si wa kila Jumapili, lakini karo ya huyo kijana nimeilipa tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo nitasema. Kanisa lenyewe linamruhusu mvulana kuanza misheni akiwa na miaka 18 hadi 25. Zamani walianzia 19. Ni mwaka 2012 ndipo Thomas Monson, aliyekuwa rais wa kanisa, alipotangaza 18. Kama mlango uko wazi hadi 25, kwa nini asimalize miaka yake mitano ya uhandisi kisha aende na shahada yake? Haraka ya nini? Nataka hoja, si mahubiri.

TAI NA BAISKELI

Mjomba, heshima yako. Mimi nilitumikia Zambia nikiwa na umri huohuo. Anayesema "nitaenda baada ya chuo" haendi. Akifika miaka 23 ana mchumba, ana deni la HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo Kenya, ana mama anayesubiri mshahara wa kwanza. Kanisa linalijua hilo, na wewe unalijua, ndiyo maana unashauri chuo kwanza.

Lakini sitakudanganya kwamba ni raha. Unaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unasoma maandiko, unatoka na shati jeupe na beji nyeusi kifuani, unatembea juani hadi jioni. Huna muda wa peke yako: mwenzi uliyepangiwa yuko nawe kila mahali, mnalala chumba kimoja, na hukumchagua. Mmoja wa wenzi wangu alitoka Utah, hakuwahi kufua nguo kwa mkono maishani mwake. Mwingine alikuwa Mzimbabwe mkimya aliyeweza kumaliza siku nzima kwa sentensi nne. Unapoanza kumzoea, unakuja uhamisho, unaanza upya na mwingine. Uchumba hakuna, filamu hakuna. Siku ya maandalizi, ambayo kwetu ilikuwa Jumatatu, ndiyo ya kufua, kununua unga na kuwaandikia wa nyumbani.

Watu hudhani kikubwa kinachovunja moyo ni kufungiwa mlango. Huko Ulaya, labda. Afrika hakuna anayekufungia mlango. Unakaribishwa, unavutiwa kiti, kila unachosema kinaitikiwa "ni kweli kabisa", unaahidiwa Jumapili kwa tabasamu pana. Jumapili inafika, kanisani mko nyinyi wawili na rais wa tawi, yaani kiongozi wa kanisa la mtaa, mkiangalia mlango. Hilo likijirudia mwezi mzima, unaanza kujiuliza unafanya nini pale. Halafu chai! Sisi hatunywi chai ya majani wala kahawa, na mwenye nyumba amekopa sukari dukani kwa ajili yako. Niliona wamama wakinuna kweli. Baadaye nikawa nasema mapema, kabla sufuria haijabandikwa, kwamba maji ya moto yananitosha.

Na bado ningerudia. Nilikwenda nikiwa siwezi kusimama mbele ya watu kumi, nikarudi naweza kuingia ofisi yoyote nikaanza mazungumzo.

HESABU KWANZA

Tai, umeeleza vizuri, lakini umeruka jambo moja: pesa. Wamisionari hawa hawalipwi. Kijana wa Marekani, au familia yake, huchangia dola 500 kwa mwezi tangu 2020. Kabla ya hapo ilikuwa 400. Kwa miezi 24 hiyo ni dola 12,000 za mtu anayefanya kazi siku sita na nusu kwa wiki. Mwafrika huchangia anachoweza na mfuko wa kanisa unajazia, sawa, lakini "anachoweza" kwa mama mjane humaanisha mbuzi anauzwa, maana hakuna anayetaka kuonekana hakutoa kitu.

Kumbuka pia Februari 2023. Mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani iliitoza Ensign Peak, kampuni inayosimamia uwekezaji wa kanisa hili, faini ya dola milioni 4, na kanisa lenyewe milioni 1, kwa sababu hisa zao za mabilioni zilikuwa zimeandikishwa kwa majina ya kampuni za kificho. Mwenye akiba ya namna hiyo anashindwaje kumlipia nauli na chakula kijana wa Embakasi bila kumuuliza mama yake ana nini?

Tena mjomba, mpwa wako ajue historia ya nyumba anayokwenda kuinadi. Hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo, ukuhani ambao kwao hupewa hata waumini wa kiume wa kawaida. Akiulizwa huko Accra, na ataulizwa, awe na jibu lake mwenyewe, si la kukariri.

TAI NA BAISKELI

Niliulizwa, tena na mwalimu mstaafu, mbele ya watu. Nilimwambia ukweli: katazo lilikuwapo, liliisha 1978, na mimi mweusi ndiye niliye mbele yako na ukuhani wangu. Hakubatizwa, ila aliendelea kutukaribisha.

MBONGO UTAH

Niko huku Salt Lake mwaka wa kumi sasa, na mimi si muumini wao. Mnaojadili kutoka Nairobi hamjui uzito wa jambo hili huku. Mmisionari akirudi, uwanja wa ndege unajaa mabango, maputo na bibi anayelia. Hiyo ni kwa aliyemaliza. Aliyerudi baada ya miezi saba tu kwa sababu ya msongo wa mawazo anapitia mlango huohuo na wazazi wake wawili tu, kisha anaanza kuulizwa na kila jirani "kulikoni?" Machi 2020, corona ilipoingia, maelfu walirudishwa makwao kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza nikaona kurudi mapema hakumfanyi mtu kuwa kituko. Haikudumu.

Na hatari zipo. Mitt Romney, yule aliyegombea urais 2012, alikuwa mmisionari Ufaransa. Juni 1968 gari alilokuwa akiendesha liligongwa, mke wa rais wake wa misheni akafa, na yeye mwenyewe askari mmoja alimdhania maiti. Machi 2016 bomu la uwanja wa ndege wa Brussels liliwajeruhi wamisionari wa kanisa hili. Sisemi asiende. Nasema mama yake ayajue haya kabla ya vigelegele.

Kwetu Tanzania watoto wa kidato cha sita wanapelekwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na hakuna anayeanzisha mjadala, ila JKT ya mujibu wa sheria ni miezi, si miaka, na chuo kinawasubiri.

DADA WA KISUMU

Naona wanaume mmejaa hapa. Sisi wasichana tunatumikia miezi 18 na hatuambiwi ni wajibu; wavulana ndio wanaoambiwa hivyo. Mimi nilikwenda baada ya umri wetu kushushwa 2012 kutoka 21 hadi 19, na mama yangu hakupenda kabisa.

Kaka zangu mmezungumzia kwenda tu. Kwangu ugumu ulikuwa kurudi. Wenzangu walikuwa mwaka wa tatu chuoni, mimi nina Kitabu cha Mormoni, andiko letu, kilichochakaa na sanduku moja. Kanisani wanakuangalia kama malaika, nyumbani wanakuuliza utaanza lini kuchangia. Mwajiri anataka cheti, na hakuna cheti cha kuzungumza na wageni. Kanisa lina Mfuko wa Kudumu wa Elimu, ulioanzishwa 2001 kwa vijana kama sisi, lakini huo ni mkopo, unalipwa.

Upweke umepungua kidogo, hilo nalikubali. Zamani mtu alipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama, basi. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na familia kila wiki. Mjomba, mkimpeleka, mpokee simu hiyo. Msimpigie hesabu za mbuzi.

MPITA NJIA

Hiyo Ghana, serikali ililifungia kanisa hili Juni 1989, wamisionari wa kigeni wakaondoka, waumini wakasalia kusali majumbani hadi Novemba 1990. Kwa hiyo hao wazee atakaowakuta hawafundishwi imani na mtoto wa miaka 18. Yeye ndiye atafundishwa.

MJOMBA WA UTAWALA

Mpita Njia, hiyo nimeipenda. Nimempigia msajili wa chuo: nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja, wa pili ni kuomba upya na hakuna ahadi. Nimemwambia kijana. Amesema ataomba upya. Nimemuuliza kanisa likimwambia asubiri miaka mitano, atasubiri? Akanyamaza, akasema chuo hakikumwita kwa jina. Nami bado nasema chuo. Sitatoa hata shilingi ya suti.

HESABU KWANZA

Barua ya chuo ina jina lake, mwambie aisome tena. Na HELB ikifunga dirisha, suti haitalifungua.

DADA WA KISUMU

Suti hata haihitajiki sana kwa joto la Accra, mjomba. Nunua mashati mepesi na viatu vya kutembea. Na chanjo ya homa ya manjano afanye mapema, Ghana bila cheti hicho anazuiwa uwanjani.

MJOMBA WA UTAWALA

Nani amesema nimekubali?