Saratani ya titi: moyo unachoka kuliko mwili, mnafanyaje?

Mama wa Makorora: Wapendwa, natibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Nikirudi Tanga baada ya dripu ya dawa za saratani, siku za mwanzo hata kukuna nazi siwezi. Hilo nalivumilia. Shida ni usiku: nawaza watoto, nawaza nauli ya safari ijayo. Majirani wananiambia nijikaze, nami nikilia naona nimeshindwa. Mliopita huku mlipataje nguvu?

Bibi wa Pangani: Pole mwanangu. Lia. Mimi nililia kipindi chote cha mionzi, na bado Jumatatu hadi Ijumaa nilikwenda mpaka nikamaliza. Kilichonishika ni kugawa mizigo: dada yangu jiko, mume wangu nauli na makaratasi, mimi nikabaki na kuugua tu. Watu wanataka kusaidia ila hawajui waanzie wapi. Waambie.

Kijana wa Chumbageni: Shikamoo mama. Mama yangu jioni alitembea taratibu Raskazone, hata dakika 10. Kulala kutwa kulimzidishia uchovu. Na baada ya dripu, homa ikifika nyuzi 38 usingoje kupambazuke, nenda hospitali ya Bombo. Kinga ya mwili huwa imeshuka.

Mama wa Makorora: Marahaba mwanangu. Bibi, shikamoo. Nimemwomba wifi aje Jumamosi apike, kakubali hata sijamaliza kusema! Watoto je, uliwaambia nini?

Bibi wa Pangani: Marahaba. Ukweli, na jina la ugonjwa. Wadogo huogopa kuwa unaambukiza, au kwamba wao ndio wameuleta kwa utundu wao. Waambie yote mawili si kweli.