Ghala linajengwa nyuma ya nyumba, mstari mmoja wa miti unatosha?

Wakuu naombeni msaada, nyuma ya uzio wangu linajengwa ghala na kwenye ramani wameweka mstari mmoja wa miti tu, miche yenyewe inanifika magotini, sasa kelele za malori na taa za usiku itazuia nini?

Jibu: Mkuu miti peke yake haizuii kelele, hata msitu mnene unataka kama mita 30 ndo upunguze desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 5 hivi. Dai ukuta mzito usio na matundu, unaoficha lori zima, miti ije mbele yake.

Jibu: Na iwe isiyopukutisha majani, mistari miwili ya kupishana. Taa ziangalie chini.

Jibu: Kibali cha ujenzi kiandike nani anamwagilia na mche ukifa nani anapanda mwingine, kwetu ilikauka yote na hakuna aliyeulizwa. Peleka pingamizi kwa maandishi mapema.