Mahakama ilinifutia deni mwaka 2022, leo nashtakiwa kwa deni lile lile

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa mpangilio, kwa kuwa naamini wengine wenu mnaoishi huku Marekani mmeshapokea barua kama yangu na mkaificha kwa aibu.

Mwaka 2022, hapa Columbus, Ohio, nilifungua shauri la kufilisika chini ya Sura ya 7 ya Sheria ya Ufilisi ya Marekani, yaani ile ya kufutiwa madeni baada ya mali yako kukaguliwa. Nililipa ada ya dola 338, nikahudhuria mafunzo mawili ya lazima, nikaapishwa mbele ya mfilisi, yaani msimamizi wa shauri, na kuulizwa habari za kila nilichonacho hadi gari bovu lililokuwa uani, na miezi michache baadaye mahakama ikatoa amri ya kunifutia madeni. Deni la kadi ya benki, dola 6,400, lilikuwamo katika orodha niliyowasilisha, na mahakama yenyewe iliitumia benki hiyo taarifa ya amri. Wiki tatu zilizopita nimeletewa hati ya wito: kampuni ya kununua madeni, ambayo sijawahi hata kuisikia, inanidai fedha zile zile pamoja na riba.

Biashara yenyewe ndiyo hii: benki huuza madeni yaliyoshindikana kwa mafungu, kwa senti chache kwa kila dola, na mnunuzi hufungua kesi nyingi kwa pamoja akitegemea kwamba washtakiwa wengi hawatajibu. Kukagua kama mtu alifilisika ni kazi ya dakika chache, maana kumbukumbu za mahakama za shirikisho hutafutwa kwa jina mtandaoni. Wakili aliyetia saini hati ya madai dhidi yangu hakujisumbua, au alijua akaendelea. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kifungu cha 524 cha Sheria ya Ufilisi kinamkataza mdai kufungua au kuendeleza kesi ya deni lililofutwa, na kinaitangaza kuwa batili hukumu yoyote inayomdai mtu binafsi kwa deni hilo. Mwaka 2019, katika kesi ya Taggart dhidi ya Lorenzen, Mahakama ya Juu ilisema mdai anaweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama pale ambapo hapakuwa na shaka ya msingi kwamba amri inamkataza. Sizungumzii matunzo ya watoto, ambayo hayafutwi, wala rehani ya nyumba, ambayo hubaki juu ya nyumba yenyewe. Hili ni deni la kadi ya benki tu.

Kinachonichoma ni kwamba katazo ni lao, lakini kazi yote ni yangu. Nisipojibu ndani ya siku 28, wanaweza kupewa hukumu ya upande mmoja, kisha mwajiri wangu akaletewa amri ya kukata mshahara. Naye mhasibu hatajua kwamba hukumu hiyo ni batili mpaka mimi niombe ruhusa kazini, nipoteze ujira wa siku, nikamweleze jaji. Mzee mmoja wa kanisani, kwa nia njema kabisa, alinishauri nilipe kidogo kidogo ili waniache. Nilipe nini, mzee wangu? Deni lililozikwa na jaji?

Nimewasilisha majibu ya utetezi, nikaambatanisha amri ya mahakama na ukurasa wa orodha wenye jina la benki. Sasa naandaa ombi la kufungua upya shauri langu la ufilisi ili waitwe kujieleza, na kwa ombi linalohusu amri ya kufutiwa madeni ada ya kufungua upya haitozwi. Kama kuna aliyewahi kufikisha ombi la namna hii mbele ya jaji, naomba anieleze alithibitishaje hasara yake, na kama gharama za wakili zililipwa na mdai.

Jana wakili wao amenitumia karatasi ya kuiondoa kesi, akitaka niisaini haraka. Nimeisoma mara tatu: inawaachia haki ya kuifungua tena. Sijaisaini.