Mrejesho: Tulifika Mount Rushmore na gari la nyumba

Ndugu zangu, habari za siku. Mwezi jana niliuliza kama gari la nyumba la kukodi, la futi 30, linafaa kwenda Mount Rushmore, ule mlima wa South Dakota, Marekani, uliochongwa sura za marais wanne, nikiwa na watoto na mama. Tumerudi salama, asanteni sana.

Aliyenionya nisipite Iron Mountain Road, Mungu ambariki. Mahandaki yake ni membamba mno kwa gari kama lile. Nilipandia mji wa Keystone, barabara ya 16A kisha 244. Mlima mkali, nikaweka gia ndogo na kwenda taratibu. Kiingilio hakuna, tulilipia maegesho tu.

Ushauri wa kuwahi asubuhi ulifaulu nusu. Sura zinatazama kusini mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huzipiga usoni, lakini siku yetu ukungu uliziziba hadi saa nne. Ulipoachia, pua ya Washington ilitokea kwanza, imelowa na inang'aa. Mama alinishika mkono, hakusema neno. Kila sura ina mita 18 hivi. Kwenye picha huwezi kujua.

Njia ya kuzunguka chini ya sura ina ngazi 422. Magoti ya mama yalikataa, tukaishia ile sehemu tambarare ya mwanzo. Wenye wazee, hapo panatosha kabisa.

Na aliyesema niwaeleze watoto habari za Walakota, wenyeji wa asili wa eneo lile, nimefanya hivyo: mlima ulichongwa 1927 hadi 1941, kwenye ardhi waliyohakikishiwa na serikali ya Marekani kwa mkataba wa 1868. Binti yangu bado ananiuliza maswali.