Naomba ushauri: kupiga picha makazi ya seli shina za jicho hapa Dar es Salaam

Ndugu wataalamu wa macho, naomba mwongozo wenu. Mdogo wangu, fundi ujenzi wa Mbagala, alirukiwa na chokaa jicho la kulia, na sasa mishipa ya damu imetambaa juu ya konea (kioo cha mbele cha jicho) upande wa chini, ukungu hauishi na mwanga unamuumiza. Daktari ameeleza kwamba seli shina zinazoifanya upya ngozi ya juu ya konea, ambazo hukaa kwenye ukingo mwembamba kati ya sehemu nyeusi na nyeupe ya jicho, huenda zimeungua, na kwamba ikithibitika hivyo anaweza kupandikiziwa kipande kidogo kutoka jicho la kushoto.

Hapo ndipo ninaposita, maana jicho hilo ndilo analotegemea. Nafahamu kuwa kipimo cha OCT (picha za tabaka za jicho) hutumia mwanga tu na kinaweza kuonyesha matuta ya Vogt, yaani makazi ya seli hizo (si seli zenyewe moja moja), ilhali hadubini ya konfoka huona kwa undani zaidi, lakini aina inayotumika sana hugusa konea iliyotiwa dawa ya ganzi.

Je, ni kliniki gani hapa jijini ambayo OCT yake, mashine iliyozoeleka zaidi kwa retina (utando wa nyuma ya jicho), ina lenzi ya kupiga picha sehemu ya mbele ya jicho, pamoja na mtu aliyezoea kusoma picha za ukingo huo? Na je, picha hizo zinatosha kuamua kama jicho la kushoto, lililo zima, linaweza kutoa kipande bila kudhurika, au niombe kipimo kingine kwanza?