Naomba ushauri: nyumba ya kuzama ardhini kwenye udongo wa mbuga

Habari zenu wakuu. Nina kiwanja nje kidogo ya Dodoma, nataka nijenge nyumba iliyozama nusu ardhini na udongo juu ya paa kama tembe za Wagogo, maana ule ubaridi wa ndani mchana naupenda sana, shida udongo wenyewe ni ule mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mkono unazama, mvua zikianza unavimba na kusukuma kuta. Nimechimba shimo mita 2 bado mweusi tu. Fundi kasema tuutoe nyuma ya ukuta tujaze kokoto na moramu, chini tulaze bomba la kutolea maji.

Sasa tujaze upana gani ili ukuta wa zege usisukumwe? Au nisichimbe kabisa, nijenge juu halafu nizungushie kifusi cha moramu?