Heleborasi kivulini, Nairobi

Swali: Wadau, bustani yangu Lavington iko chini ya miti. Ua la heleborasi litachanua Julai?

Jibu: Dada, sikushauri. Ni mmea wa Ulaya na Asia Magharibi, hutaka baridi kali ya wiki nyingi. Julai yetu haifiki huko. Panda klivia, ua la Afrika Kusini.

Jibu: Klivia, naam! Udongo mwekundu, mboji na kokoto ndogo, sehemu sawa. Usizike shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, itaoza. Juni na Julai mwagilia kidogo mno. Bila ubaridi na ukavu, kikonyo cha maua hukwama katikati ya majani, maua yakafungukia humo humo. Kikichomoza, rudisha maji.

Jibu: Klivia ina sumu, mbwa asiitafune. Kwa rangi ya Julai yenyewe weka begonia, ila usilowanishe majani.